Barua inasema arudie mwaka wa tatu. Je, mwanangu amefukuzwa?

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Kijana wangu anasomea udaktari wa meno chuo kimoja huko bara, mwaka wa tatu. Matokeo yametoka. Patholojia ya kinywa amepata 43, na somo la kuziba meno hana alama ya vitendo, kwa sababu wiki ile ya mtihani alikuwa hapa nyumbani amelala na homa ya dengue. Sasa imekuja barua inasema arudie mwaka. Majirani wananiambia huyo amedisko. Babake anasema basi, arudi ashike duka. Mjomba wake yuko tayari kumpeleka India. Chuo cha meno humfukuza mtu akifeli masomo mangapi? Na huyu wangu ana nafasi tena, au ndiyo maji yamezidi unga? — Mama, Kisauni.

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Kabla ya mengine nikwambie hili upate usingizi leo: aliyeambiwa arudie mwaka hajafukuzwa. Majirani wamekuchanganyia maneno mawili ambayo chuoni hayakai chumba kimoja. Kudisko ni kufutwa kwenye masomo: jina linaondolewa, namba ya usajili inafungwa, na mlango ule haufunguki tena kirahisi. Kurudia mwaka ni adhabu ya muda na ya pesa, inauma, lakini kijana bado ni mwanafunzi. Kabla ya hapo kuna sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyeufanya akafeli. Na kuna mtihani maalumu, ule wa mtu ambaye hakuufanya kabisa kwa sababu inayokubalika. Haya manne uyashike, maana kesi ya mwanao imejificha katikati yao.

Hebu tuanze na hiyo 43, kwa sababu najua imekushangaza. Mtoto wa jirani anayesoma historia akipata 43 anapita, tena anapiga picha na kofia. Kwenye udaktari haipiti. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa mfano, ambako udaktari wa meno unafundishwa tangu 1974, vitivo vingi hupitisha kwa 40, lakini masomo ya afya hupitisha kwa 50. Sioni kosa hapo. Mimi mwenyewe nisingependa kulala kwenye kiti kile nikiwa nimefumba macho, juu yangu ameinama mtu aliyeelewa 43 kwa 100 ya magonjwa ya kinywa. Patholojia ndiyo inayokufundisha kutofautisha kidonda cha kawaida cha ulimi na saratani inayoanza. Kijana amefeli somo zito, na wengi hulifeli mara ya kwanza, kwa kuwa wametoka miaka miwili ya anatomia na fiziolojia wakizoea kukariri. Ghafla wanapewa darubini na kuulizwa: hii ni nini, na kwa nini si ile?

Sasa swali lako lenyewe: masomo mangapi? Kila chuo kina kanuni zake za mitihani, na idadi hutofautiana. Moja au mawili, mara nyingi sapu. Yakizidi hapo, au mwanafunzi akifeli sehemu kubwa ya mwaka, kurudia. Ila anayefutwa kwa kawaida hafutwi kwa hesabu ya masomo. Huhesabiwa mara na miaka: amerudia somo lile lile akafeli tena, amerudia mwaka akafeli mwaka ule ule, au ametumia miaka mingi kuliko kanuni inavyoruhusu kumaliza shahada. India wameliandika hili wazi kabisa. Kanuni zao za shahada ya meno zinasema asiyemaliza masomo yote ya mwaka wa kwanza ndani ya miaka 3 aondoke, na asiyemaliza shahada nzima ndani ya miaka 9, mazoezi ya hospitali yakiwemo, naye aondoke. Kwetu saa inayohesabu ni ya namna hiyo hiyo, hata kama tarakimu si hizo. Na kuna njia ya mkato ya kufika kwenye disko ambayo wazazi hawaijui: kukosa mtihani bila ruhusa, bila barua, bila neno.

Hapo ndipo nilipokaa wima kwenye kiti, dada yangu. Umeniandikia kwamba kijana alikuwa Kisauni na dengue wiki ya mtihani. Hukuniandikia kwamba alikijulisha chuo. Nahisi hakukijulisha.

Nikueleze inavyokuwa ndani, maana nimekaa kwenye bodi ya watahini, kile kikao cha walimu kinachopitisha matokeo, kwa miaka. Usifikiri watu wanajadili maisha ya mtoto wako kwa saa nzima. Ni chumba kimoja, meza ndefu, chai imepoa, na mbele ya kila mwalimu kuna karatasi pana zenye namba za usajili na alama. Majina hata hayatazamwi sana. Mwenyekiti anasoma namba, anasoma alama, anataja pendekezo. Kimya. Namba inayofuata. Mwanafunzi mmoja hupata dakika mbili, labda tatu. Ila mara moja moja mtu husema, "Subirini, huyu ana barua kwenye faili." Barua inatolewa, inasomwa, na chumba kizima hubadilika. Walimu wanakumbuka kuwa namba ile ina mwili na homa na mama. Nimeona mwanafunzi mwenye alama mbaya kuliko za mwanao akipewa mtihani maalumu kwa sababu ya karatasi moja ya hospitali iliyofika siku tatu baada ya mtihani. Nimeona pia mwenye alama bora akirudia mwaka kwa sababu faili lake lilikuwa tupu, ingawa darasa zima lilijua amefiwa.

Kwa hivyo naona hivi: bodi ile ilisoma feli mbili. Ukweli ni feli moja, na mtihani mmoja ambao hakuufanya kwa ugonjwa. Hizo ni hukumu mbili tofauti. Feli moja ingempa sapu ya patholojia. Mtihani aliougulia ungempa mtihani maalumu wa vitendo. Vikijumlishwa kama feli mbili ndiyo huo mwaka mzima.

Fanyeni hivi, na fanyeni wiki hii. Rudini kwa daktari au hospitali iliyomtibu mkachukue barua yenye tarehe, muhuri na jina la aliyemtibu. Tafuteni na karatasi ya maabara. Watu huitupa wakishapona, lakini maabara nyingi huweka daftari au kompyuta. Kipimo cha damu chenye tarehe kina nguvu kuliko barua ya kurasa mbili, kwa kuwa barua mtu anaweza kuombewa hata baadaye. Kisha kijana mwenyewe aandike, wala si wewe wala babake, kwa msajili wa masomo, nakala kwa mkuu wa kitivo na kwa mwenyekiti wa idara. Aeleze kwa tarehe: siku hii nilianza homa, siku hii nilipimwa, siku hii nilirudi chuoni, mtihani huu sikuufanya. Aseme wazi kosa lake, kwamba hakutoa taarifa kwa wakati. Aombe jambo moja linaloeleweka: somo la vitendo lihesabiwe kuwa mtihani maalumu, na patholojia apewe sapu. Asilie kwenye barua. Wale waliokaa kwenye ile meza wamesoma vilio vingi. Wanachotafuta ni tarehe.

Angalieni pia barua mliyopewa imetaja siku ngapi za kukata rufaa. Huwa zimeandikwa chini, kwa herufi ndogo, na hazisubiri mtu amalize kuona aibu. Hicho ndicho kinachowaponza vijana wetu wa Pwani zaidi ya patholojia. Kijana anafika na treni pale Miritini, anaficha barua chini ya godoro wiki tatu kwa sababu hataki kumvunja moyo mamake, na zile wiki tatu ndizo zilizokuwa za rufaa.

Je, wanaweza kukataa? Wanaweza. Watamuuliza kwa nini amekaa kimya, na jibu zuri hana. Basi tuzungumze na hilo la kurudia mwaka.

Somo la kuziba meno lisikutishe kwa jina. Mwaka wa tatu ndipo mikono inapoanza kazi. Chumba kina safu ya vichwa vya bandia vilivyofungwa kwenye meza, midomo ya mpira, meno ya plastiki ndani. Mwanafunzi anainama kama atakavyomwinamia mtu, anaambiwa achimbe tundu kwenye gego la kwanza la chini kushoto, ubavuni, pale linapogusana na jino la mbele yake. Ncha ya drili ni nyembamba kuliko njiti ya kiberiti, inazunguka kasi, na maji yanaruka. Akichimba kina kidogo, kizibo hakishiki. Akizidisha, kwa mgonjwa wa kweli angekuwa amegusa mshipa. Na kosa kubwa kuliko yote halipo hata kwenye jino analolichimba: ni kukwaruza jino la jirani. Mkwaruzo mdogo, unaouona tu ukigeuza kioo kwenye mwanga. Mwalimu anapitisha sindano yake ya kupimia, inakwama kidogo pale, hasemi kitu, anaandika sifuri. Nimewaona vijana wenye alama 70 za nadharia wakilia kwa ule mkwaruzo. Mkono haukariri. Unataka marudio, na kuna mikono inayofunguka mwezi wa tatu na mingine mwaka wa pili. Hawa wa pili, wakivumiliwa, mara nyingi ndio wanaokuja kuwa wapole kwa wagonjwa.

Ndiyo maana usikubali mtu akwambie kijana hana kipaji, wakati mtihani wenyewe wa vitendo hakuufanya. Hakuna aliyempima bado.

Tena ujue kwamba huko mbele, mwaka wa nne na wa tano, kuna feli ya aina nyingine isiyohusiana na akili. Kila mwanafunzi hupewa hesabu ya kazi za kliniki za kukamilisha: meno kadhaa ya kuziba, kadhaa ya kung'oa, mizizi ya kutibu, meno ya bandia ya kutengeneza toka mwanzo hadi mgonjwa anaondoka nayo mdomoni. Mgonjwa asipokuja, kazi haihesabiwi. Mimi nilikuwa na mzee mmoja wa seti nzima ya meno ya bandia, juu na chini. Nimeshachukua vipimo, nimeshapanga meno kwenye nta, amejiona kwenye kioo akacheka. Ilibaki siku moja ya kumkabidhi. Akaenda matangani, akakaa wiki tano. Sikuandika kokote, nilijiambia atarudi kesho. Siku ya kufunga hesabu, daftari langu lilikuwa na pengo, na msimamizi wangu aliniuliza swali moja tu: "Ulimwambia nani?" Nikabaki naangalia viatu vyangu. Nilipita kwa huruma ya mtu, na huruma ya mtu si kanuni. Tangu hapo kila jambo nililiandika. Mwambie kijana awe na daftari la namna hiyo kuanzia sasa: mgonjwa hakuja, tarehe, nimemweleza mwalimu fulani. Litamfaa kuliko vitabu viwili.

Kuna jambo la pili la kulitenga. Chuo kinaweza kumwondoa mtu kwa masomo, au kwa mwenendo. Wizi wa mtihani, kughushi sahihi ya msimamizi kwenye daftari la kliniki, kumtibu mgonjwa bila ruhusa: hayo ni ya mwenendo, na huko huitwa mbele ya kamati ya nidhamu, husomewa shtaka, hujitetea. Ya masomo huwa hayana mkutano wa namna hiyo, na wazazi hulalamika, "Mbona hawakumwita?" Hata Marekani walivutana juu ya hili. Mwanafunzi wa udaktari kule Missouri, Charlotte Horowitz, alikuwa hodari wa mitihani ya kuandika, lakini walimu hawakuridhika na kazi yake wodini, mahudhurio yake, wala usafi wake. Kabla ya kumwondoa, chuo kilimpeleka kwa madaktari saba wamtazame kazini. Wawili walisema ahitimu kwa wakati wake, wawili wakasema aondoke mara moja, watatu wakasema asihitimu sasa, aendelee kwa majaribio. Akaondolewa mwaka 1973. Alishtaki hadi Mahakama ya Juu ya nchi ile, ambayo mwaka 1978 ilisema uamuzi wa walimu juu ya ustadi wa mwanafunzi hauhitaji kikao kama cha mahakama. Napenda kuisimulia kesi hii kwa wale saba. Watu saba wazoefu, mwanafunzi mmoja, majibu matatu. Ustadi si kitu cha kupima kwa rula, na majaji walilijua hilo, ndiyo maana wakawaachia walimu.

Kwetu Kenya mlango umefunguka zaidi kidogo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya mwaka 2015 iliyofuata inaruhusu kijana kuomba sababu na nyaraka zilizotumika, na ofisi inayoombwa ina miezi 3 ya kujibu. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mahakama haitakusikiliza kabla hujamaliza njia za rufaa za ndani ya chuo, isipokuwa kwa sababu ya pekee. Na jaji hatasahihisha upya karatasi ya patholojia. Atauliza tu kama utaratibu ulifuatwa. Kwa hiyo msianze na wakili. Wakili wa Mombasa atakula pesa ya sapu mara kumi, halafu akuambie nilichokwambia mimi hapa bure: nendeni kwa msajili kwanza.

Tuje kwa mjomba na India. Nia yake njema, Mungu amlipe. Lakini mwanafunzi hahamii India akaingia mwaka wa nne na mkoba wake. Kanuni za kule huruhusu kuhama kati ya vyuo vyao wenyewe tu, kwa masharti. Akienda, anaanza mwaka wa kwanza. Miaka mitatu aliyoimaliza, au mitatu kasoro, mmeitupa baharini. Kule nako pasi ni 50, na nadharia na vitendo hupitwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hakimbii patholojia, anaifuata. Akirudi na shahada, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya litamtaka afanye mtihani kabla ya kuanza mwaka wake wa mazoezi hospitalini. Kurudia mwaka mmoja bara ni rahisi kuliko hayo yote, hata ukiweka na kodi ya chumba.

Kwa babake nina neno la upole. Duka halikimbii. Karo ya mwaka wa kurudia inauma, hilo simlaumu, na kama pesa ndiyo shida aiseme hivyo hivyo kwa kijana badala ya kumwambia hawezi. Kijana akiambiwa hakuna pesa hutafuta njia, lakini ukimwambia hawezi hulala. Na kama familia itaona kweli mzigo umezidi, ziko njia ambazo si duka wala disko. Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, kinafundisha diploma ya afya ya kinywa ya jamii kwa miaka mitatu, na nyingine ya mafundi wa meno ya bandia. Aliyefanya anatomia tayari hataona giza huko. Ila ikifika hapo ajiondoe mwenyewe kwa barua kabla hajafutwa. Kwenye rekodi zake, "aliondoka kwa hiari" na "alifutwa" ni mbingu na ardhi, na chuo kitakachompokea kitasoma neno hilo kabla ya kusoma jina lake.

Moja zaidi, la karo. Ulizeni kama ana deni. Nimeona kijana amekubaliwa sapu, halafu hakupewa kadi ya mtihani kwa baki ndogo tu, na siku ya sapu ikapita akiwa amesimama nje ya ukumbi. Kisha hiyo nayo ikaandikwa feli. Hesabu hiyo isafishwe mapema, hata kwa kukopa.

Hiyo karatasi ya maabara ikipatikana, mwambie aipige picha kabla ya kuibeba kwenye basi. Akimaliza kuandika barua anitumie niisome, nitamtolea maneno ya ziada, maana vijana wa siku hizi huandika rufaa kama hutuba ya harusi. Na mwulize swali moja kwa ajili yangu: alirudi chuoni tarehe ngapi baada ya homa, na mwalimu gani wa kwanza alimwona darasani? Huyo mwalimu ndiye shahidi wake.